USIMPIGE PUNDA ANAYEKUBEBA

Somo kwa makusanyiko yote: kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwili na kuutendea wema

Masomo ya kusoma: Hesabu 22:21-34, 1 Wafalme 19:1-8, 2 Wafalme 20:1-7, 1 Wakorintho 6:19-20



Katika makusanyiko yetu tunajua kushukuru. Tunatoa shukrani kwa mavuno ya shamba, kwa mtoto aliyezaliwa, kwa ndugu aliyerudi salama kutoka safarini, kwa kijana aliyeshinda mtihani wa shule. Ni vizuri, na tusiache. Lakini kuna zawadi moja tuliyoipokea kabla ya hizo zote, tunayolala nayo na kuamka nayo, na ni wachache kati yetu waliowahi kuitolea shukrani hata mara moja. Zawadi hiyo ni mwili.

Mwili tunaukumbuka siku unapouma. Na siku hiyo tunaukumbuka kwa kuulaumu: mguu huu unanisumbua, tumbo hili linanichosha, mgongo huu hauna faida. Miaka 40 mguu ule ulitembea bila kudai kitu, hakuna aliyeuambia asante. Umeuma siku mbili tu, tayari umekuwa adui.

Somo la leo linataka kutuonyesha kwamba anayemshukuru Mungu kwa midomo huku anautesa mwili aliopewa, shukrani yake haijatimia. Tutaanza na habari ya nabii mmoja na punda wake.

I. NABII HAKUONA, PUNDA ALIONA

Balaamu alitandika punda wake, akashika njia kwenda kwa Balaki, mfalme wa Moabu. Malaika wa Bwana akasimama njiani, upanga mkononi. Nabii, mtu wa kuona maono, hakuona kitu. Punda aliona.

Mara ya kwanza punda akageuka, akaingia shambani. Balaamu akampiga. Mara ya pili, kati ya kuta mbili za mashamba ya mizabibu, punda akajibana ukutani na mguu wa bwana wake ukaumia. Balaamu akampiga tena. Mara ya tatu njia ilikuwa nyembamba, hapakuwa na nafasi ya kugeuka kuume wala kushoto. Punda akalala chini. Balaamu akawaka hasira, akampiga kwa fimbo yake.

Ndipo Bwana akakifungua kinywa cha punda. Na tuone alisema nini. Hakutoa unabii mkubwa. Aliuliza swali la mtumishi aliyeonewa: nimekukosea nini hata umenipiga mara tatu? Akamkumbusha bwana wake kwamba yeye ni punda wake yuleyule aliyempanda maisha yake yote. Je, alikuwa na desturi ya kumtendea hivi? Balaamu hakuwa na jibu lingine isipokuwa hapana. Kisha macho yake yakafunguliwa, akamwona malaika, naye malaika akamweleza kwamba kama punda hangegeuka, yeye Balaamu angekuwa amekufa.

Mpendwa msomaji, mwili wako ni kama punda huyo. Umekubeba tangu ulipozaliwa. Mara nyingi unaona hatari kabla yako wewe. Kichwa kinachouma kila asubuhi, macho yanayoona giza ukisimama, kikohozi kilichopita majuma mawili, jasho la usiku, damu inayotoka mahali ambapo haipaswi kutoka: hapo punda amegeuka kando ya njia, sababu ameona upanga.

Na sisi tunafanya nini? Tunampiga. Tunameza kidonge tulichonunua barabarani bila kujua jina lake, tunafunga kitambaa kichwani, tunaendelea na safari. Akigeuka mara ya pili, tunaongeza kidonge. Na siku anapolala chini kabisa, tunatafuta mchawi katika jamaa. Tunamshitaki bibi kizee, tunamshitaki mtoto yatima. Kumbe punda alikuwa amesema mara mbili, na hatukumsikiliza.

II. KAZI ANAYOIFANYA KIMYA

Mtu hawezi kushukuru kwa kazi asiyoijua. Basi tujue kidogo kazi ya mtumishi huyu.

Moyo wako unapiga karibu mara 100,000 kila siku, mchana na usiku. Mzee wa miaka 60 moyo wake umekwisha kupiga zaidi ya mara bilioni 2, bila siku ya mapumziko hata moja. Wakati alipokuwa amelala, ulipiga. Wakati alipokuwa anagombana na jirani, ulipiga. Damu ya mtu mzima ni karibu litre 5, na moyo unaizungusha mwili mzima kwa muda wa dakika moja hivi.

Chini ya mbavu, upande wa mgongo, kuna mafigo mawili, kila moja kama ngumi ya mkono. Kazi yao ni kuchuja damu. Kwa siku moja mafigo yanachuja karibu litre 180 za maji ya damu. Mama anayechota maji mtoni au kwenye robine anajua hesabu hiyo: ni bidoni 9 za litre 20. Karibu maji yote hayo mafigo yanayarudisha safi mwilini, na uchafu wanautoa katika mkojo usiozidi litre moja au mbili. Bidoni 9 kila siku, na hakuna anayelipwa.

Ukijikata kwa kisu unapomenya muhogo, damu inaganda yenyewe, ngozi inajishona yenyewe, na baada ya siku chache unatafuta kovu. Ukila bukari na maharagi, tumbo linaigeuza kuwa nguvu ya kulima na sauti ya kuimba. Mama aliyekula kidogo sana bado anatoa maziwa kwa mtoto wake, akichota katika akiba ya mifupa na nyama yake mwenyewe.

Tukijua hayo, tunaelewa kwa nini mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu na kwamba wao si mali yao wenyewe. Nani kati yetu angeingia katika hekalu na kuvunja madirisha yake, kisha akapiga magoti mbele ya madhabahu akisema kwamba amekuja kushukuru?

III. HATAMU NA FIMBO NI VITU VIWILI

Ndugu mwingine atauliza: je, Paulo huyohuyo hakusema kwamba anautesa mwili wake na kuufanya mtumwa? Je, hatukufundishwa kufunga, kukesha, kujinyima? Swali ni zuri, na linahitaji jibu la wazi.

Mtu anayepanda mnyama anahitaji hatamu. Bila hatamu, mnyama atakwenda anapotaka: penye pombe, penye uasherati, penye ulafi. Paulo alisema maneno yake akizungumza juu ya wakimbiaji wanaojizuia ili washinde mbio. Mkimbiaji anajizuia, lakini anakula, analala, anautunza mguu wake. Mkimbiaji aliyejivunja mguu hatapata taji. Hatamu inaongoza, na fimbo ya Balaamu inaumiza tu. Kuuzuia mwili usitende dhambi ni hatamu. Kuunyima usingizi, maji na dawa hata unaanguka, hiyo ni fimbo.

Kuhusu kufunga, tukumbuke mambo matatu. La kwanza, Bwana Yesu alipomaliza siku zake 40 jangwani, malaika walikuja wakamtumikia. Mfungo una mwisho, na mwisho wake ni kutunzwa. La pili, Isaya sura ya 58 inatufundisha kwamba mfungo unaompendeza Mungu unaonekana katika mkate tunaomgawia mwenye njaa, na hatukuambiwa tuhesabu siku ili kuwashinda wengine. La tatu, si kila punda anaweza kubeba mzigo uleule. Mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, mtoto mdogo, mgonjwa wa kisukari, mgonjwa anayemeza dawa kila siku: hawa waseme na muganga na mchungaji kabla ya kufunga. Wanaweza kufunga maneno mabaya, kufunga masengenyo, kufunga hasira. Mungu anaujua mfungo huo. Na mfungo bila maji, siku nyingi, katika joto, unaharibu yale mafigo tuliyoyataja. Tusimtie ndugu aibu sababu amekunywa maji.

IV. MALAIKA ALILETA MKATE KABLA YA NENO

Tumwangalie sasa nabii wa pili. Eliya alikuwa ametoka kushinda mlima Karmeli. Moto ulishuka, mvua ilinyesha, watu waliona. Kisha Yezebeli akaapa kumwua, naye akakimbia hata jangwani, akakaa chini ya mti, akaomba afe. Nabii mkubwa, mwenye imani ya kufunga mbingu, alichoka hata akachukia kuishi.

Ndugu zangu, Mungu alimtendea nini? Hakumkemea kwamba hana imani. Hakumwambia akeshe zaidi. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, akamwambia ale. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, sababu safari iliyobaki ilikuwa ndefu kwake. Kwa nguvu za chakula hicho alitembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu, na ni huko ndipo alipoisikia ile sauti ndogo ya utulivu. Usingizi, mkate, maji, usingizi, mkate, maji. Na sauti ikaja nyuma.

Wako kati yetu watumishi, waimbaji, wamama wa maombi, ambao wamekaa chini ya mti wa Eliya. Wamechoka. Wanalia bila sababu, hawana hamu ya chakula, wanasema afadhali nife. Tunawaambia: omba sana, ni shetani. Mara nyingine anachohitaji mtu huyo kwanza ni mtu wa kumpikia uji, wa kuwachukua watoto kwa siku moja, wa kumwambia alale. Na kama hali inaendelea, apelekwe kwa muganga, kwani moyo uliovunjika nao ni ugonjwa wa kutibiwa.

Bwana Yesu mwenyewe alichoka akaketi kando ya kisima cha Samaria. Alilala ndani ya mtumbwi kichwa chake juu ya mto. Wanafunzi wake walipokosa nafasi hata ya kula, aliwaita waende mahali pa faragha wapumzike. Na alipomfufua binti wa Yairo, neno alilowaagiza wazazi halikuwa juu ya sadaka: aliwaambia wampe mtoto chakula.

V. MAOMBI NA MTINI

Nabii wa tatu ni Isaya. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Akageuza uso ukutani, akaomba, akalia. Mungu akasikia, akamtuma Isaya aseme kwamba mfalme atapona, na ameongezewa miaka 15. Neno la uponyaji lilikuwa limekwisha kutoka katika kinywa cha Bwana. Lakini Isaya akaagiza walete mkate wa tini, wauweke juu ya jipu. Wakauweka, naye akapona.

Je, Isaya alikosa imani? Hapana. Mungu aliyesikia maombi ndiye aliyeumba mtini. Maombi na dawa havikugombana katika chumba kile, basi visigombane katika nyumba zetu.

Tuseme wazi, sababu watu wanakufa kwa jambo hili. Kuna ugonjwa wa damu kusukuma kwa nguvu, ule tunaouita tansio. Unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote, kisha siku moja mtu anaanguka, amepooza upande mmoja, au hasemi tena. Waganga wanasema mashine ikipita 14 kwa 9 mara nyingi, mtu afuatwe. Anapewa vidonge. Anajisikia vizuri, anaombewa, na anavitupa vidonge. Kumbe alijisikia vizuri sababu ya vidonge vile! Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa kisukari anayeacha sindano yake, kwa mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha dawa baada ya miezi miwili sababu kikohozi kimekwisha, na kwa mwenye virusi vya SIDA.

Ndugu, ukiamini kwamba Mungu amekuponya, tunafurahi pamoja nawe. Rudi basi ukapimwe. Wale wenye ukoma 10 katika Luka 17, Bwana aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kuangalia na kuthibitisha. Uponyaji wa kweli hauogopi mashine. Muganga akikuambia punguza dawa, au acha, mshukuru Mungu. Kabla ya hapo, meza dawa yako na umshukuru Mungu kwa ajili yake.

Malaria nayo tusiizoee. Kongo yetu ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, na watoto ndio wanaokufa zaidi. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku ileile apimwe. Dawa za siku 3 zimezwe siku zote 3, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Na chandarua kilale juu ya watoto. Hakikutolewa kwa kuvua samaki wala kwa kufunga bustani.

VI. FIMBO ZA KILA SIKU

Kuna fimbo tunazozishika bila kujua kwamba ni fimbo.

Mzigo. Katika Kivu tunaona wamama wanaopanda milima wakibeba mgongoni gunia la muhogo, makala au mchanga, kamba imepita kwenye paji la uso, na mara nyingine mzigo unapita uzito wa mama mwenyewe. Wanafanya hivyo ili watoto wale, hatuwahukumu, tunawaheshimu. Lakini tuwaulize wababa na vijana wanaotembea nyuma mikono mitupu: je, punda huyu ni wa nani? Waefeso 5 inasema mume ampende mke wake kama mwili wake mwenyewe. Basi chukua nusu ya mzigo. Na mama, ukiweza, gawa mzigo mara mbili, na usibebe vizito ukiwa na mimba.

Sahani. Mama anapika, anagawa, baba anapata nyama, watoto wanapata mchuzi, mama anakwangua sufuria. Yeye ndiye mwenye kupoteza damu kila mwezi na katika kila uzazi. Kisha tunashangaa kwamba anachoka, anapumua kwa shida, ulimi umekuwa mweupe. Mama, kujipakulia sombe, maharagi na kipande cha samaki si ulafi. Torati ilikataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Kama Mungu alihurumia kinywa cha ng'ombe, anakihurumia na kinywa chako.

Muhogo wa haraka. Wazee wetu walijua kwamba muhogo mchungu unahitaji kulala majini siku 3 au zaidi, kisha uanikwe juani. Ulikuwa ni wema kwa mwili, sababu ndani ya muhogo ule mna sumu. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango unaoitwa konzo: miguu ya mtu inakauka ghafula, hasa ya watoto na ya wamama, na hairudi tena kama zamani. Ugonjwa huo unakuja wakati wa njaa na wa vita, watu wanapokula muhogo mchungu uliolowekwa kwa muda mfupi, bila nyama, samaki wala maharagi pamoja nao. Hata ukiwa na njaa, mpe muhogo siku zake.

Ngozi. Mungu aliweka rangi katika ngozi yetu, nayo inatukinga na jua kali la nchi yetu. Wengine wanajipaka mafuta ya kuifuta rangi hiyo. Mengi ya mafuta hayo yana dawa kali, na mengine yana zebaki, inayoharibu mafigo. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano ya Minamata ili kuondoa vitu kama hivyo sokoni. Ngozi iliyochubuliwa miaka mingi inakuwa nyembamba, inaoza upesi, na siku ya kupasuliwa hospitalini muganga anapata shida kuishona. Dada, kijana, aliyekuambia kwamba rangi yako ni mbaya hakuwa Mungu. Na kama umezoea mafuta hayo, mwone muganga akusaidie kuyaacha pole pole. Nasi wengine tusimcheke.

Pombe kali na tumbaku. Lotoko haimpumzishi mchimbaji aliyetoka shimoni Kolwezi wala dereva aliyechoka. Inamfunga macho tu asione upanga, lakini malaika bado amesimama palepale.

VII. KWA WALE AMBAO MWILI WAO ULITENDEWA UOVU

Neno hili ni kwa wamama, kwa mabinti, na kwa wababa pia, ambao katika vita vya nchi yetu, au hata ndani ya nyumba, walishikwa kwa nguvu. Wengi wao hawawezi kuutazama mwili wao. Wanauoga upesi, wanauficha, wanauchukia, kana kwamba ni mwili uliokosa.

Mpendwa, mwili wako haukukosa. Punda aliyeibwa na kupigwa na mwizi hana hatia. Hatia ni ya mwizi. Mwili ule ulivumilia ili wewe uishi. Ulipokimbia, miguu yako ilikukimbiza. Ulipolia, macho yako yalilia pamoja nawe. Usiwe wa pili kuupiga.

Jambo likitokea, usingoje. Ndani ya masaa 72, na mapema zaidi ni bora, hospitali inaweza kutoa dawa ya kuzuia virusi vya SIDA. Hata kama masaa yamepita, hata kama miaka imepita, nenda, kwani kuna majeraha yanayoweza kushonwa na maumivu yanayoweza kusemwa. Huko Bukavu hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imetibu wamama maelfu na maelfu, na mwaka 2018 daktari huyo, mtoto wa mchungaji, alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad.

Na kwa kusanyiko: mume asimfukuze mke wake, wazazi wasimfiche binti yao, waimbaji wasimtoe katika kwaya. Msamaria aliyemkuta mtu amepigwa njiani hakumwuliza kwa nini alipita njia ile. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia mahali pa kulala.

VIII. ZOEZI LA JUMA HILI

Ndugu, somo lisilotendwa linasahauliwa mlangoni. Basi kila jioni ya juma hili, kabla ya kulala, kaa kimya kwa dakika chache na umshukuru Mungu kwa ajili ya mwili wako, kutoka chini mpaka juu.

Anza na miguu: itaje safari ambayo ilikupeleka leo. Panda kwenye magoti na mgongo: taja mzigo uliobebwa. Weka mkono juu ya tumbo: shukuru kwa chakula, hata kama kilikuwa kidogo. Weka mkono juu ya kifua, usikie moyo unavyopiga. Tazama mikono yako: nani aliyelishwa, aliyeogeshwa, aliyesalimiwa nayo leo? Malizia kwa macho, masikio na ulimi. Na ukifika mahali panapouma, usipaite adui. Uliza: unaniambia nini? Kisha chagua wema mmoja utakaoutendea mwili kesho: kupimwa tansio, kunywa maji safi, kulala mapema, kuosha jeraha kwa sabuni, kumwomba ndugu msamaha ili moyo upumzike.

Wazazi waifanye pamoja na watoto. Mtoto anayejifunza kusema asante kwa ajili ya mikono yake hataitumia upesi kwa kupiga.

MASWALI KWA AJILI YA VIKUNDI

1. Ni ishara gani ambayo mwili wangu umenipa mwaka huu, nami nikaupiga badala ya kuusikiliza?
2. Katika nyumba yetu, nani anabeba mzigo mzito kuliko wote, na nani anakula wa mwisho?
3. Yuko nani katika kusanyiko letu aliyelala chini ya mti wa Eliya? Nani atampelekea mkate na maji, na lini?
4. Je, tumewahi kumshauri mgonjwa aache dawa? Tutamwambia nini sasa?

MWISHO

Wapendwa, Balaamu alikuwa na bahati: punda wake alipewa kinywa. Punda wetu hana maneno. Anasema kwa homa, kwa uchovu, kwa maumivu, na anayetaka kumsikia inampasa ashuke kwanza. Bado tuna njia ndefu, kama Eliya. Kuna watoto wa kulea, mashamba ya kulima, nchi ya kujenga, wagonjwa wa kutembelea. Hakuna kati yetu atakayeifika njia hiyo kwa roho peke yake.

Tuombe: Ee Mungu uliyetufinyanga kwa udongo, tunakushukuru kwa miguu, kwa mikono, kwa damu inayozunguka usiku tukiwa tumelala. Utusamehe fimbo tulizozishika. Ufungue macho yetu tuone, na masikio yetu tusikie. Uwaguse waliochoka, uwafunge majeraha walioumizwa, na utufundishe kumtunza mtumishi uliyetupa, ili tukutumikie naye mpaka siku ya kupumzika.

Amina.